Tunauza mahindi Julai kwa bei ya kutupa, Januari tunayanunua karibu mara mbili. Kwa nini?

#1 Mtoto wa Laela
Wakuu habari. Niende moja kwa moja.

Nyumbani ni Laela, Rukwa. Mimi nipo Dar natafuta riziki. Msimu uliopita wazee walivuna gunia 17 za mahindi kwenye ekari mbili. Mwezi wa saba wakauza gunia 12 kwa Sh42,000 kila moja, wakabakiza 5 za kula. Juzi mama kanipigia simu: mahindi yameisha, nitume hela. Debe pale sokoni limefika Sh13,500. Nikatuma 40,500, akanunua debe tatu.

Nilipokata simu nikapiga hesabu kwenye kikaratasi. Gunia ni debe sita, kwa 13,500 kila debe ni 81,000. Gunia lile lile, pengine ndilo lenyewe lililotoka uani kwetu, linarudi kwa karibu mara mbili. Na si mwaka huu tu. Nipo darasa la nne nakumbuka mama akitutuma na sado kununua mahindi kipindi cha mvua, wakati Julai tulikuwa tunalala juu ya magunia.

Wazee wangu wanajua bei. Baba anafahamu bei ya Tunduma na Sumbawanga kuliko mimi. Sasa kwa nini? Wakulima, wafanyabiashara, mliosoma uchumi, naomba tulichimbe hili.

#2 Kaka Tandale
Dalali. Hamna kingine. Anakuja na Fuso, anakuta mkulima hana usafiri, anapanga bei anayotaka. Debe hilo hilo likifika hapa Tandale linauzwa kama dawa.

#3 Mama Dona
Mwanangu #1, pole. Naomba kuuliza: nyumbani mnakula wangapi?

#4 Mtoto wa Laela
Saba mama. Wazee, bibi, wadogo zangu watatu na mtoto wa dada.

#5 Mama Dona
Basi hapo njaa ilianza siku ile ile ya kuuza. Mimi napika, vipimo vya unga nimevizoea mkononi. Watu saba wanaokula ugali mchana na usiku hawatoki mwaka mzima na gunia tano. Hao wamejitahidi sana kufika Januari, nadhani bibi alikuwa anapunguza kijiko.

#6 Dalali wa Kibaigwa
Naomba nijibu #2 kwa heshima. Nipo soko la Kibaigwa miaka 19. Mimi ndiye huyo mnayemtaja.

Julai nikinunua Laela kwa 42,000, nalipa wapakiaji, nalipa ushuru wa halmashauri, nalipa Fuso, nalipa magunia yenyewe. Barabara ikiwa mbovu gari linalala njiani siku mbili. Nikikaa na mzigo mpaka Januari, hela yangu imelala miezi sita na kodi ya ghala inahesabiwa. Na bei si lazima ipande! Hili ndilo watu wa mjini hamlioni. Juni 2017 ilitangazwa marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Mimi nilikuwa nimenunua gunia 300 nikisubiri soko la Kenya. Marufuku ilipoondolewa mwishoni mwa mwaka, wenzetu walishapata mahindi kwingine na huku kila ghala limejaa. Februari 2018 niliuza chini ya bei niliyonunulia Julai. Niliuza na kiwanja. Baba yako alikuwa na akili kuuza mapema, hakujua mwaka huu utakuwa upi.

#7 Kaka Tandale
Pole kwa kiwanja mkuu, hilo nimelisikia. Lakini hujasema kitu kuhusu lumbesa, ule ujazo wa gunia kupita kipimo.

#8 Hesabu Kwanza
Nafanya shahada ya pili ya uchumi wa kilimo, nichangie kidogo. Anachosema Dalali #6 kimetafitiwa. Kwa muda mrefu wachumi waliliita hili fumbo: kwa nini mkulima anaacha faida ya kusubiri? Lila Cardell na Hope Michelson wakafungua kumbukumbu za bei za mahindi katika masoko mengi ya Afrika kusini mwa Sahara, wakaona miaka ambayo bei ya msimu wa njaa haikupanda vya kutosha kulipa gharama ya kusubiri si ya kubahatisha, ni mingi. Wastani wa bei unapanda, lakini mkulima haishi kwenye wastani, anaishi kwenye mwaka mmoja wenye watoto wanaotaka kula. Akipatwa na 2018 moja tu, miaka mitano inayofuata anauza Julai.

#9 Webuye Ndani
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Niko Bungoma. Huku kwetu ni hivyo hivyo, gorogoro ya mahindi ikitoka shambani ni bei ya bure, ikifika Mei na Juni unalia. Nawaambia utafiti ulifanywa hapa kwetu Webuye na wakulima wa shirika la One Acre Fund. Watu walipewa mkopo baada ya mavuno, wakaambiwa mahindi yakae nyumbani kama dhamana. Faida ilikuwa kama asilimia 50 hivi. Kwa hivyo shida ni pesa ya karo. Mtu akipata pesa ya karo mahali pengine, mahindi hayauzi.

#10 Hesabu Kwanza
#9 ahsante kwa kuutaja, ndio niliotaka kuuleta. Nirekebishe kidogo: kipato juu ya mkopo walikipima kuwa asilimia 29. Ni wa Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, ulichapishwa 2019. Na tarehe ya mkopo ilikuwa na uzito. Waliopewa Oktoba, mara tu baada ya kuvuna, walifanya vizuri kuliko waliosubirishwa mpaka Januari.

Kuna jambo lingine mle ndani, kwangu ndilo kubwa. Pale walipokopesha wakulima wengi wa eneo moja, bei yenyewe ya soko ilisogea: wakati wa mavuno haikuanguka sana, baadaye haikupaa sana. Faida ikamfikia hata jirani ambaye hakukopa chochote, na yule aliyekopa akabaki na faida ndogo kuliko mwenzake wa eneo lenye wakopaji wachache.

#11 Mama Dona
Hapo umenigusa. Sisi tunaonunua tungefurahi bei isipae. Januari ndiyo nafunga biashara wiki mbili kwa sababu sahani ya ugali siwezi kuipandisha, wateja wangu ni vibarua.

#12 Mtunduma
Ila Bungoma si Rukwa. Bungoma wana soko kila kona na lami ipo. Hapa kwetu mpaka ndio unapanga bei. Mwaka 2024 Zambia walipopigwa na ukame wa El Niño wakakubaliana kuchukua tani 650,000 kutoka Tanzania, sisi wa mpakani tuliliona joto lake. Aliyeuza mapema mwaka ule alijuta. Mwaka mwingine foleni ya malori hakuna na mahindi yanakaa mpaka dumuzi wanayamaliza. Sera ya mpaka ikibadilika kwa tangazo la siku moja, hata profesa hawezi kukushauri uuze lini.

#13 Webuye Ndani
Kweli, na sisi pia tumefunga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, zikapita siku chache tu ikaruhusu kwa masharti. Lakini lori lililofika Namanga siku hizo lilikaa pale na mzigo wake.

#14 Kaka Tandale
Sumukuvu si mchezo lakini. 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tusiseme kila kizuizi ni siasa.

#15 Bwana Shamba Mstaafu
Nawasalimu. Nimekuwa ugani miaka 31, mikoa minne. Mmeruka ghala.

Mkulima hawezi kuweka mahindi kama hana mahali pa kuweka. Miaka ya mwisho ya sabini dumuzi aliingia Tabora akitokea Amerika, wakulima wakampa jina la Scania. Hindi linageuka unga ndani ya gunia. Kabla yake, bibi zetu walining'iniza mahindi na maganda yake juu ya moshi wa jiko, au kwenye kihenge, yakafika msimu mwingine. Scania hakuheshimu moshi. Nimefungua kihenge cha mzee mmoja Urambo, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikatoa vumbi. Punje zilikuwepo bado, zimesimama, lakini ukizibana zinapasuka, hazina kitu ndani. Mzee yule mwaka uliofuata aliuza yote shambani kabla hajafika nayo nyumbani, nami sikuwa na neno la kumwambia.

Leo kuna mifuko ya PICS ya matabaka matatu, unafunga kila tabaka peke yake, hewa haingii, mdudu anakufa bila dawa. Ilianzia Cameroon kwa ajili ya kunde. Inafanya kazi, ila mahindi lazima yawe yamekauka. Ukifungia mabichi unajitengenezea sumukuvu mwenyewe. Mtoto wa Laela, waulize wazee kama wanayo.

#16 Nyakahanga
Uzi mzuri, nimeweka kambi. Mimi ni Karagwe, kwetu ni kahawa. Ninyi mnasema kuuza Julai ni mapema? Sisi tuna butura. Mtu anauza kahawa ikiwa maua.

#17 Newala Juu
Butura ndiyo kangomba yetu ya korosho. Mbinga nasikia wanaita magoma. Kila zao lina jina lake la msiba ule ule.

#18 Dalali wa Kibaigwa
Kwenye mahindi lipo pia, ila watu hawalisemi kwa sauti. Mzee atakwambia "nimeuza Julai", kumbe Julai alikuwa anakabidhi tu.

#19 Kaka Tandale
#18 hapo umefungua mlango ambao huwezi kuufunga. Ninyi mnafanya hiyo biashara?

#20 Dalali wa Kibaigwa
Nimewahi. Nimeacha. Sina cha kuongeza hapo.

#21 Mtoto wa Laela
Wakuu, nimesoma yote. Bandiko #18 lilinikosesha usingizi, leo asubuhi nikampigia mama nikamwomba anihesabie gunia moja moja. Mwanzo alisema "si tuliuza baba". Nikamwambia nina salio la kutosha, tuhesabu. Tumeongea dakika arobaini. Nayaweka kama alivyosema.

Gunia nne zilikuwa zimeshauzwa tangu mwisho wa Januari mwaka jana. Mahindi yalikuwa yanageuka njano, mbolea ya kukuzia hakuna, duka la karibu limeishiwa na ya ruzuku. Akaja kijana na pikipiki, akampa baba 80,000 kwa gunia nne za Julai, yaani 20,000 kila moja. Baba akapanda gari mpaka Sumbawanga mjini, UREA mfuko mmoja 70,000, iliyobaki ikawa nauli.

Gunia tano zilikwenda kwa mdogo wangu. Alichaguliwa kidato cha tano, kuripoti ni Julai. Godoro, tranka, sare, michango na nauli mpaka shuleni. 210,000 na hazikutosha.

Gunia mbili ni vibarua wa kuvuna na kupukuchua, pamoja na deni la duka la sabuni na sukari.

Gunia moja ni msiba wa baba mdogo.

Kwa hiyo nilipoandika "waliuza gunia 12 kwa 42,000" nilikuwa nimekosea. Waliuza 8 kwa bei hiyo. Na nimemuuliza zilikuwa debe ngapi. Saba kila moja.

#22 Kaka Tandale
Lumbesa! Nilisema bandiko #7.

#23 Hesabu Kwanza
Mkuu mshukuru sana mama yako. Watafiti wanatafuta hesabu ya namna hii kwa madodoso ya kurasa nyingi na hawaipati, kwa sababu wanauliza "uliuza kiasi gani, mwezi gani, kwa bei gani", na wanajibiwa kama ulivyojibu wewe mwanzo.

Tuzipange. Debe saba kwa 42,000 ni 6,000 kila debe, si 7,000. Gunia 12 za debe saba ni debe 84, sawa na gunia 14 za debe sita. Gunia mbili nzima zimetoka bila kulipwa. Halafu zile nne: alipewa 80,000 Januari, Julai zilikuwa na thamani ya 168,000 hata kwa bei hiyo hiyo ya lumbesa. Nyongeza ni 88,000 juu ya 80,000. Ukiita riba, ni asilimia 110 kwa miezi sita. Hata wale wa kausha damu mjini wangeona ni nyingi.

#24 Bwana Shamba Mstaafu
Niongeze hesabu moja ya shambani, inauma zaidi.

Mfuko wa UREA wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwenye mashamba ya wakulima wadogo, kilo moja ya naitrojeni kwa kawaida huongeza mahindi kilo 10 hadi 20. Udongo ukiwa umechoka au una tindikali, inashuka hata chini ya hapo. Chukua kilo 230 mpaka 460 kwa mfuko mzima.

Gunia nne za debe saba ni debe 28. Debe la mahindi ni kama kilo 17. Hiyo ni kilo 476. Mzee wa Laela amelipa mbolea kwa mahindi mengi kuliko yale ambayo mbolea yenyewe ilimletea, hata mwaka mzuri.

#25 Mama Dona
Nimeisoma #24 mara tatu. Mungu wangu.

#26 Newala Juu
Sasa angeacha mbolea?

#27 Bwana Shamba Mstaafu
Angeacha, mwaka ule angevuna gunia 13 au 14 badala ya 17, asingekuwa na deni la mahindi, na mkononi angebaki na 13 hizo hizo. Ila hakujua hivyo Januari. Aliona shamba linageuka njano. Mkulima hawezi kusimama akatazama mahindi yake yakifa, ni kama kumtazama mtoto.

#28 Mtunduma
Bado nasema hapa kosa ni la ruzuku. Agosti 2022 mfuko ulishushwa mpaka 70,000, jambo zuri, ulikuwa unakwenda juu ya laki. Lakini bei nafuu ya mfuko uliopo Sumbawanga mjini siyo bei ya Laela, na siyo bei ya siku ambayo mahindi yanageuka njano.

#29 Hesabu Kwanza
Nakubaliana na wewe kwenye siku, kwa sababu hiyo nayo imepimwa. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya kazi Busia, magharibi mwa Kenya. Walimfuata mkulima mara tu baada ya mavuno, hela iko mfukoni, wakamwambia: lipia mbolea ya msimu ujao sasa hivi, bei kamili, tutakuletea nyumbani bila nauli. Mpango waliuita SAFI. Matumizi ya mbolea yakapanda karibu sawa na kupunguza bei nusu baadaye katika msimu. Bila ruzuku ya bei! Kilichobadilika ni siku ya kulipa na safari ya dukani.

#30 Kaka Tandale
Huo utafiti unasema mkulima hana nidhamu ya hela, au mimi ndiye nimeelewa vibaya?

#31 Hesabu Kwanza
Wao walieleza hivyo kwa sehemu, kwamba binadamu yeyote huahirisha. Mimi nikisoma #21 sioni kuahirisha. Naona Julai ambayo shule, vibarua, duka na msiba vimegombania gunia nane. Hiyo hela ya kulipia UREA ya Januari ingetoka wapi?

#32 Webuye Ndani
Sisi karo kubwa inakuja Januari. Kumbe ninyi kidato cha tano kinakuja Julai, wakati bei iko chini kabisa? Hiyo ni kalenda mbaya sana kwa mkulima.

#33 Mama Dona
Jamani hapo pa Julai hata mimi sikuwahi kupaangalia. Nina wa kwangu alikwenda Julai.

#34 Nyakahanga
Mimi nina wasiwasi na mbolea yenyewe. Kuna utafiti ulionyesha asilimia 30 ya mbolea madukani ni feki. Labda mzee alinunua chokaa ikiwa na lebo.

#35 Bwana Shamba Mstaafu
Hapana Nyakahanga, tuitengeneze hiyo. Ule ulikuwa wa Uganda, ulichapishwa 2017, na haukusema asilimia 30 ya mifuko ni feki. Ulisema mbolea waliyoipima ilipungukiwa naitrojeni kwa wastani wa asilimia 30. Baadaye Michelson, yule yule aliyetajwa #8, na wenzake walipima UREA ya maduka ya mkoa wa Morogoro, wakaikuta nzuri. Ila wakulima waliamini ni mbovu, hasa ikiwa na madonge au imebadilika rangi. Madonge ni unyevu tu, naitrojeni ipo. Nimewaona watu wakiirudisha mbolea nzima dukani kwa sababu imeganda.

Mbegu ni habari nyingine. Kwenye mbegu mimi mwenyewe nimeona makubwa.

#36 Nyakahanga
Nimeelewa, ahsante mzee.

#37 Newala Juu
Suluhisho si stakabadhi ghalani, yaani unaweka mazao ghalani na kupewa risiti mpaka yauzwe? Sheria ipo tangu 2005, korosho tunauza kwa mnada.

#38 Dalali wa Kibaigwa
Korosho inakwenda karibu yote nje, hakuna mtu anayeshindia korosho. Mahindi ni chakula na ni hela kwa wakati mmoja. Mkulima akiyapeleka ghala la AMCOS (chama cha ushirika) kilomita 20, jioni bibi anakula nini? Tena malipo yanachelewa, shule haisubiri.

#39 Newala Juu
Hilo la kuchelewa silibishi.

#40 Mtunduma
Na SGR (hifadhi ya chakula ya taifa) je? Wakinunua kwa bei nzuri Julai, dalali anapandisha na yeye.

#41 Bwana Shamba Mstaafu
Vijana siku hizi wanasema NFRA, sisi wa zamani SGR imetukaa mdomoni. Inasaidia bei, ni kweli. Lakini mwenye gunia nane zilizotawanyika kwa kazi nne atafikaje kituoni? Anayefika ni mwenye gunia 80. Ilikuwa hivyo na vocha za pembejeo zilizoanza 2008. Pan na Christiaensen waliangalia Kilimanjaro wakakuta kama asilimia 60 ya vocha ziliingia kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Niligawa vocha mimi mwenyewe mkoa mwingine. Orodha ilinifikia imeshaandikwa, nikaisaini. Nilipaswa kuikataa na sikuikataa, mpaka leo nawakumbuka akina mama waliosimama nje ya ofisi ya kijiji.

#42 Mama Dona
Mzee umesema ukweli, si wengi wanaosema.

Mimi nina swali la kike. Mtoto wa Laela, kijana wa pikipiki alipokuja mwaka jana, mama alikuwepo?

#43 Mtoto wa Laela
Nimemuuliza leo. Alikuwa shambani kwa bibi. Alirudi jioni akakuta mfuko wa UREA uko barazani. Anasema alifurahi sana kuuona, ya gunia nne alikuja kuyajua Julai, kijana aliposimamisha Fuso mlangoni.

#44 Mama Dona
Basi ongezeni hiyo kwenye utafiti wenu. Anayejua gunia tano zitafika lini ni yule anayechota unga, na hakuwepo.

#45 Hesabu Kwanza
Ni hoja nzito. Ila nikuulize mama, angekuwepo angekataa? Mahindi yalikuwa njano.

#46 Mama Dona
Angetoa gunia mbili. Zingine angezitafuta kwenye kikundi. Sisi tuna VICOBA, baba hawana.

#47 Kaka Tandale
VICOBA Januari wanakopesha? Hapa kwetu Januari kila mtu anakopa, sanduku tupu.

#48 Webuye Ndani
Ndio maana mkopo wetu ulitoka nje ya kijiji. Kijiji kizima kina njaa mwezi mmoja, hakiwezi kukopeshana.

#49 Mtunduma
Bajeti ya kilimo ilitoka bilioni 294 mwaka 2021/22 ikafika bilioni 954 mwaka uliofuata. Kumkopesha mzee wa Laela 80,000 mwezi wa kwanza, alipe 90,000 mwezi wa saba, kunashindikana nini?

#50 Dalali wa Kibaigwa
Kukusanya. Sisi tunakusanya kwa sababu tunafika na gari mlangoni siku ya kuvuna. Benki haina Fuso.

#51 Mtoto wa Laela
Wakuu, limetokea jambo. Jana usiku mama kapiga tena. Kijana wa pikipiki amerudi. Mwaka huu anatoa 22,000 kwa gunia la Julai. Mahindi yamefika magotini, majani ya chini yameanza kugeuka. Baba anataka kutoa gunia nne tena. Nimemwomba asubiri mpaka Ijumaa nikipata posho nitatuma ya mfuko mzima.

#52 Bwana Shamba Mstaafu
Ijumaa ni mbali kama mvua zinanyesha vizuri. Yakishaanza kutoa mbelewele UREA haina kazi kubwa tena. Mwambie aweke kwanza nusu mfuko, mstari kwa mstari, aifukie, asiimwage juu. Mvua kubwa itaibeba.

#53 Dalali wa Kibaigwa
Na mwambie mzee akipokea hela ya mtu aandikishane debe ngapi kwenye gunia. Sita. Iandikwe sita, na mama awepo.

#54 Mtoto wa Laela
Nimempigia sasa hivi. Ameshapokea 44,000, gunia mbili. Ameniambia nisikasirike, asubuhi alipita shambani akaona hawezi kulala na hali ile. Hawakuandikishana debe.

Sikukasirika. Nilikuwa nimeshika simu sina neno.

#55 Mama Dona
Mwanangu, mfuko 70,000, ana 44,000. Pungufu 26,000 na nauli. Hiyo usiisubirie Ijumaa. Mkope mtu hapo kazini leo, tuma kwa namba ya mama.

#56 Mtoto wa Laela
Nimepata 36,000 kwa mwenzangu, nimetuma kwa mama saa nane hii. Anasema gari la Sumbawanga linapita saa kumi na mbili asubuhi, atakwenda yeye mwenyewe. Gunia mbili zilizobaki baba amekubali zisiuzwe.

Bwana Shamba, ile mifuko ya PICS Sumbawanga inapatikana? Nataka akiwa huko huko aulizie bei.

#57 Bwana Shamba Mstaafu
Aulizie kwenye maduka ya pembejeo, ila asinunue sasa, mifuko ikikaa miezi sita ndani panya wataitoboa. Ajue tu bei na duka. Kununua ni Juni.